Tangi kuukuu linunuliwe kwa unene, si kwa rangi

WANUNUZI wa mahindi na maharage wa Kasulu na Kibondo wanaijua vizuri mizani. Kabla gunia la kwanza halijapandishwa, muuzaji na mnunuzi huangalia kwanza kama mizani inasoma sifuri. Isiposoma sifuri, hakuna biashara mpaka irekebishwe. Mkulima naye amechoka na lumbesa, na anajua kuwa Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, una kazi ya kuhakiki mizani na kuiwekea alama.

Lakini mfanyabiashara huyo huyo aliyebishania nusu kilo ya maharage, akienda kununua tangi kuukuu la dizeli kwa mamilioni ya shilingi, hulizunguka mara mbili, huligonga kwa ngumi, husikiliza linavyolia, kisha hutoa fedha. Rangi ikiwa mpya na mlio ukiwa mzito, huamini kuwa amepata chombo. Hapo hakuna mizani, hakuna sifuri wala alama ya mkaguzi.

Maoni yangu katika makala haya ni kwamba chombo cha chuma kilichotumika kinunuliwe kwa kipimo kama yanavyonunuliwa maharage. Kipimo chenyewe ni unene wa bamba. Unene uliobaki ndio miaka iliyobaki, na miaka iliyobaki ndiyo bidhaa unayonunua.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Wilaya zetu za nyanda za juu za Kigoma ziko mbali na viwanda. Tangi au kompresa iliyopakiwa Mwanza au Dar es Salaam, ikifika Kibondo nauli imekwishaongeza bei, na ikionekana mbovu hakuna wa kuirudisha. Hivyo wengi hutafuta vyombo vilivyotumika vilivyo karibu. Miradi huja na kuondoka, na mradi unapokwisha mara nyingi majenereta, matangi na mabomba yake huuzwa. Aidha, umeme wa gridi ya taifa ulifika Kasulu na Kibondo mwaka 2022. Mwenye mashine ya kusaga akihama kutoka injini ya dizeli kwenda mota ya umeme, tangi lake la mafuta linageuka mali ya kuuza.

Soko la vyombo kuukuu si jambo baya. Humwezesha mtu mwenye mtaji mdogo kuanza kazi. Tatizo ni kwamba muuzaji analijua tangi lake na mnunuzi halijui. Kutu huanzia ndani, chini kabisa, pale maji yanapotuama chini ya dizeli. Kwenye kompresa ya fundi wa matairi hali ni hiyo hiyo: hewa ikigandamizwa kisha ikapoa, unyevu wake hugeuka maji na kukaa kwenye tumbo la tangi. Katika nchi yetu ya mvua, inayonyesha tangu Oktoba au Novemba hadi Mei, maji hayo ni mengi, na asiyefungulia koki ya chini kila siku analisha kutu. Nje tangi linang'aa huku ndani likiliwa.

Umri nao hausemi kitu peke yake. Meli ya Liemba tunayoijua Kigoma iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Mitambo yake ilinusurika kwa sababu mafundi waliipaka grisi nyingi kabla ya kuizamisha. Kwa upande mwingine, tangi la miaka 5 lililoachwa na maji tumboni linaweza kutoboka. Kinachosema ukweli ni unene, na ndiyo maana mabamba ya meli za chuma hupimwa unene zinapokaguliwa.

Kipimo kinavyofanya kazi

Kifaa cha kupimia unene kwa mawimbi ya sauti ni kidogo, hukaa kiganjani kama simu, nacho kina kichwa cha kupimia kilichounganishwa kwa waya. Uzuri wake ni kwamba hupima kutoka upande mmoja tu. Huna haja ya kutoboa tangi wala kuingia ndani.

Msomaji aliyewahi kuita mtu kutoka mlima mmoja akasikia mwangwi ukirudi kutoka mlima wa pili anajua kanuni yake. Mlima ukiwa mbali mwangwi unachelewa, ukiwa karibu unawahi. Kichwa cha kupimia hutuma sauti kali ambayo sikio la binadamu haliisikii. Sauti hiyo hupenya chuma, hugonga upande wa pili, kisha hurudi. Kifaa huhesabu muda wa kwenda na kurudi, hugawanya kwa 2, na kuzidisha kwa mwendo wa sauti ndani ya chuma.

Mwendo huo ndio siri ya kazi nzima. Hewani sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, lakini ndani ya chuma cha kawaida cha matangi husafiri kama mita 5,920 kwa sekunde. Bamba la milimita 6 sauti hulipita kwenda na kurudi kwa sehemu 2 tu kati ya milioni moja za sekunde. Kifaa hakijui kimewekwa juu ya kitu gani. Kinaamini mwendo ulioambiwa. Ukikiambia kuwa ni aluminiamu, ambayo sauti yake hukimbia kama mita 6,320, kisha ukakiweka juu ya chuma cha milimita 4.2, kitasoma karibu milimita 4.5. Hakijaharibika, ila kimedanganywa.

Kusawazisha kwanza

Wataalamu wa viwango huita kazi hii ugezi, yaani kulinganisha kifaa na kitu ambacho kipimo chake kinajulikana. Ni sawa na kuweka jiwe la kilo 10 juu ya mizani ili kuona kama itasoma 10. Hatua zake si ngumu, na mnunuzi anapaswa kuziona kwa macho yake.

Kwanza, fundi aangalie uso wa kichwa cha kupimia. Ukiwa umelika au una mikwaruzo mikubwa, majibu yatayumba. Kisha apake jeli kidogo kwenye kisahani cha chuma kilichowekwa kwenye kifaa na kusawazisha sifuri kwa kufuata maelezo ya mtengenezaji.

Pili, achague mwendo wa sauti unaolingana na metali inayopimwa. Chuma cha kawaida, chuma kisichopata kutu, aluminiamu na chuma cha kusubu vyote vina mwendo tofauti.

Tatu, na hapa ndipo wengi huruka, apime kipande chenye unene unaojulikana. Kipande kizuri kina ngazi kadhaa, kila moja na unene wake. Apime ngazi nyembamba kuliko bamba analotarajia, kisha ngazi nene kuliko hilo bamba. Kifaa kikisoma sawasawa pande zote mbili, hata katikati kitasema kweli. Kama hana kipande cha ngazi, atumie kipande cha chuma cha aina ile ile alichokipima ukingoni kwa maikromita. Kipande kisiachwe kwenye gari huku tangi likiwa juani, maana joto hupunguza mwendo wa sauti katika chuma, ingawa kwa kiasi kidogo. Viwe vimekaa mahali pamoja.

Nne, akimaliza kupima tangi lote arudi kwenye kipande kile kile. Kikisoma kama mwanzo, majibu yanafaa. Kikiwa kimehama kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, vipimo vyote alivyochukua tangu mara ya mwisho kilipokuwa sawa virudiwe.

Rangi inavyoweza kukutia hasara

Tuchukue mfano. Bei zake ni za kufikirika, lakini hesabu ni ya kweli. Tangi la dizeli lilikuwa na bamba la milimita 6 lilipotoka kiwandani, kama kibati chake kinavyoonyesha, na limefanya kazi miaka 12. Mhandisi amesema lisitumike likifika milimita 3. Muuzaji anataka shilingi 2,400,000. Kifaa kinawekwa juu ya rangi na kusoma milimita 4.2.

Hesabu ya haraka inasema limepoteza milimita 1.8 kwa miaka 12, yaani 0.15 kwa mwaka. Limebakiza milimita 1.2 kabla ya kufika kwenye kikomo. Gawanya 1.2 kwa 0.15, unapata miaka 8. Shilingi 2,400,000 kwa miaka 8 ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Biashara inaonekana nzuri.

Sasa kwangua rangi. Chini yake kuna rangi juu ya rangi, jumla nusu milimita kasoro kidogo, tuseme 0.4. Sauti ndani ya rangi husafiri polepole, karibu mara 2 na nusu chini ya mwendo wake katika chuma. Kifaa kinachoamini kuwa kila kitu ni chuma husoma rangi ya 0.4 kana kwamba ni karibu milimita 1 ya chuma. Chuma halisi ni milimita 3.2. Limepoteza 2.8 kwa miaka 12, yaani karibu 0.23 kwa mwaka, na limebakiza 0.2 tu. Hiyo ni miezi kama 10.

Tangi ni lile lile, kifaa ni kile kile, na hakuna aliyesema uongo kwa mdomo. Tofauti ya miaka 8 na miezi 10 imetoka kwenye rangi isiyokwanguliwa. Mnunuzi wa kwanza amenunua tangi. Wa pili, kama ana akili, atalipa bei ya chuma chakavu au ataondoka. Vipo vifaa vya bei ya juu vinavyoweza kuiruka rangi, lakini usidhani kuwa kilichopo mbele yako ni cha aina hiyo mpaka kikupe jibu moja kabla na baada ya kukwangua.

Angalia pia hesabu ya tangi jipya. Likiuzwa shilingi 6,000,000 na kuliwa kwa 0.15 kwa mwaka, litatumika miaka 20, ambayo nayo ni shilingi 300,000 kwa mwaka. Kumbe hata lile kuukuu la miaka 8 halikuwa rahisi kuliko jipya. Faida yake ilikuwa moja tu, kwamba mtaji mwingine unabaki mfukoni kwa kununulia mazao. Hiyo ni faida ya kweli kwa mfanyabiashara mdogo, lakini lazima ajue kuwa ndiyo anayoilipia.

Namna ya kupima tangi

Pale unapopima, safisha eneo dogo la ukubwa wa sarafu. Ondoa rangi na magamba ya kutu mpaka chuma kionekane, lakini usikisage chuma chenyewe. Paka jeli au grisi. Bila hiyo hewa hubaki katikati, na sauti haivuki hewa kwenda kwenye chuma. Bonyeza kwa nguvu ile ile kila mara, subiri tarakimu zitulie. Kwenye tangi la duara na kwenye bomba, zungusha kichwa robo mzunguko, upime tena na uandike jibu dogo.

Usipime mahali pamoja. Chora miraba kwa chaki na upime kila mraba. Zidisha vipimo tumboni chini, kwenye mstari wa maji, karibu na koki na kandokando ya mishono ya kuchomelea. Muuzaji akikuelekeza ubavuni tu, muombe aligeuze tangi. Wala usitafute wastani. Tangi hutoboka mahali palipo pembamba kuliko pote, hivyo jibu dogo kuliko yote ndilo unene wa tangi hilo.

Andika kila jibu, tarehe na mahali. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ukipima tena mwaka ujao mahali pale pale, utajua chuma chako kinaliwa kwa kasi gani, na utapanga kubadilisha kabla mafuta hayajamwagika.

Tahadhari moja ni ya uhai. Tangi lililowahi kuweka petroli linaweza kuwa hatari zaidi likiwa tupu kuliko likiwa limejaa, kwa sababu mvuke wake hulipuka. Usilete mashine ya kusagia inayotoa cheche. Tangi lisafishwe na kupitishwa hewa na mtu anayejua kazi hiyo kabla ya kuguswa.

Mahali kifaa kinaposhindwa

Ni haki kusema pia kisichoweza. Kifaa cha kawaida hakipimi bati la kuezekea. Bati ni chini ya nusu milimita, na vichwa vingi vya kupimia huanzia karibu milimita 1. Chini ya hapo kifaa huweza kuchanganya mwangwi wa kwanza na wa pili, kikasoma mara 2 ya unene halisi. Anayetaka kujua kama bati la geji 28 ni la 28 kweli, atumie maikromita.

Vilevile kifaa hakioni ufa, wala tundu dogo lililo kati ya miraba miwili. Kwa chombo chenye mgandamizo hilo ni kubwa. Kompresa yenye baa 8 hubeba kama kilo 8 kwa kila sentimita moja ya mraba. Kwenye eneo la ukubwa wa karatasi ya kawaida ya ofisini hiyo ni takriban tani 5. Bamba likiliwa nusu, mzigo kwa kila milimita ya chuma kilichobaki huwa mara 2. Likipasuka halivuji kama tangi la maji. Hurusha vipande, na fundi mwenye tairi mkononi yuko hatua mbili tu kutoka hapo. Kwa hiyo kompresa na boila, hata zikisoma unene mzuri, zinahitaji mkaguzi aliyeidhinishwa na OSHA kwa mujibu wa Sheria Na. 5 ya mwaka 2003, na jaribio la mgandamizo lifanywe kwa maji, kamwe si kwa hewa. Kipimo cha unene ni mlango wa kwanza. Kikikataa, usiendelee. Kikikubali, nenda kwa mkaguzi.

Nani awe nacho

Watu wawili hupinga hoja hii. Wa kwanza ni fundi mzoefu anayesema sikio lake linatosha. Namheshimu. Nyundo humwonyesha magamba yaliyolegea na mahali palipooza kabisa. Lakini nyundo haitoi namba, na bila namba huwezi kupatana bei wala kulinganisha mwaka huu na mwaka jana. Wa pili ni mfanyabiashara anayesema kifaa ni ghali kwa tangi moja. Huyu ana haki. Ndiyo maana sisemi kila mtu anunue.

Chama cha ushirika, SACCOS au umoja wa wenye mashine za kusaga unaweza kununua kimoja pamoja na kipande cha ngazi, ukampeleka kijana mmoja kujifunza, na kutoza ada. Tuseme vyote vimegharimu shilingi 800,000 na ada ni shilingi 20,000 kwa tangi. Matangi 40 yanarudisha fedha yote, ukiacha jeli na posho ya kijana. SACCOS inayokopesha fedha za kununua vyombo ina sababu kubwa zaidi, kwa kuwa tangi hilo ndilo dhamana yake. Dhamana yenye miezi 10 ya uhai haiwezi kubeba mkopo wa miaka 3. SIDO na vyuo vya VETA, vinavyofundisha na kusaidia mafundi, wangeweza kuingiza somo hili la siku chache, na kipande cha kusawazishia kipelekwe mara kwa mara kwenye maabara ya ugezi kama ile ya TBS ili nacho kihakikiwe.

Halmashauri zetu nazo, zinaponunua au kuuza kwa mnada matangi na mabomba ya miradi ya maji, ziweke karatasi ya vipimo kwenye nyaraka za mnada. Karatasi hiyo humlinda mnunuzi, na humlinda muuzaji mwaminifu pia, maana tangi zima litapata bei yake badala ya kuhukumiwa pamoja na mabovu.

Mpaka hapo, mnunuzi mmoja mmoja anaweza kuanza na masharti matatu. Kifaa kisawazishwe mbele yangu. Rangi ikwanguliwe mahali ninapochagua mimi. Bei tuizungumze baada ya namba ndogo kuliko zote kuandikwa. Muuzaji anayekubali masharti hayo anastahili fedha yako. Anayekataa amekwishakupa jibu bila kutumia kifaa chochote.